Jicho la Mdhamini

Yai la bata limelala juu ya jicho la Jomila Khatun. Jicho limefumbwa, midomo imebanwa, na chumba kizima kinamsubiri: mumewe aliyeshika ncha ya tandiko la viraka, paka aliyejikunja mlangoni, na mayai elfu mbili na mia nne yaliyotandazwa juu ya kitanda kipana cha mianzi.

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Falgun, baridi ikielekea kuisha. Nje, ukungu bado umekalia maji ya haor, bonde ambalo mvua huligeuza ziwa, na sahani ya wali wa jana uliolowekwa, na kitunguu na pilipili pembeni yake, inangoja mtu wa kuila.

"Sawasawa," Jomila anasema hatimaye. "Yana joto lake. Usifunike, usifunue."

Mumewe, Abdul Kuddus, anaachia tandiko na kushusha pumzi. Lakini Jomila haamini jibu lake mwenyewe. Anachukua yai jingine kutoka katikati ya kitanda, anabadili jicho, anasubiri. Kisha anasema maneno ambayo ameyasema kila asubuhi na kila jioni kwa siku ishirini na sita.

"Tumngoje dada Sokhina."

Jomila ana miaka arobaini na moja. Kazi yake ni kuangua vifaranga vya bata hapa kijijini Shimulkandi, wilaya ya Kishoreganj, bila umeme na bila mashine. Vifaa vyake ni pumba za mpunga zilizopashwa moto, mapipa ya mianzi, matandiko ya nguo kuukuu na kope za macho. Mkono, anasema, haufai kabisa kupimia joto la yai.

"Mkono umezoea masufuria," anaeleza, akionyesha viganja vyenye sugu. "Mkono ni mwongo. Kope haijawahi kuipua chungu hata siku moja. Ikikwambia moto, ni moto kweli."

Mwandishi wa makala haya alipopewa yai ajaribu, aliliweka jichoni kwa muda mrefu, kisha akasema anahisi yai. Kuddus alicheka hadi akakaa chini.

Leo ni siku ya ishirini na saba, na vifaranga hutoka siku ya ishirini na nane, wenye haraka yao hata kabla. Katika siku hizi za mwisho pumba hazihitajiki tena. Kifaranga aliye ndani hujitolea joto lake mwenyewe, na kazi ya mwanguaji ni kufunika yakipoa na kufunua yakizidi. Tandiko moja likiongezwa wakati usio wake, vifaranga hufa wakiwa wameshaota hadi manyoya.

Mayai haya yamenunuliwa kwa sarafu ya huku, Taka 36,000, na zote ni za mkopo. Yakiharibika, mlango wa mikopo hautafungwa kwa Jomila peke yake. Utafungwa kwa wanawake wote watano wa kikundi chake. Na itakuwa mara ya pili kwa jicho la Jomila kuwaangusha.

Jomila aliletwa Shimulkandi akiwa bibi harusi wa miaka kumi na minane. Kuddus alikuwa akikanyaga gari la magurudumu matatu, akibeba magunia ya mpunga na wakati mwingine wagonjwa.

"Siku njema alirudi na taka mia tatu," Jomila anakumbuka. "Siku ya mvua alirudi na matope."

Jirani yao alikuwa Sokhina Begum, mwanamke mrefu, mjane, mdomo mwekundu kwa tambuu kuanzia alfajiri hadi kulala. Sokhina alikulia katika nyumba ya kuangulia mayai. Baba yake alipofariki, kaka zake walirithi mapipa. Yeye alirithi jicho. Ndiye aliyemfundisha Jomila, barazani, kwa mayai kumi na mawili na kelele nyingi.

"Alikuwa ananipiga kofi la mgongo," Jomila anasema huku akicheka. "Ananipa yai, 'Haya, hili je?' Nasema la moto. 'Moto wa wapi, wewe! Hili nimelitoa mtungini sasa hivi!'"

Miaka tisa iliyopita, wanawake watano wa mtaa huo waliunda kikundi na Sokhina akawa mwenyekiti. Jomila akachukua mkopo wake wa kwanza, Taka 20,000, kutoka shirika ambalo ofisa wake hufika kijijini kila Jumanne. Rejesho lilikuwa taka mia tano kwa wiki, kwa wiki arobaini na tano. Hati ya shamba haikuulizwa, kwa kuwa shamba halikuwepo. Dhamana ilikuwa neno la wanawake wanne kwamba mwenzao akishindwa, watamlipia.

Mayai ya kwanza yalikuwa mia saba. Yaliyoanguliwa ni mia nne na kumi. Mengine viza.

"Nilinuka viza mwezi mzima," anasema. "Hata mbuzi alinikimbia. Lakini pesa za vifaranga wale mia nne nilizishika kwa mkono wangu mwenyewe, na hakuna aliyeniuliza nimezitoa wapi."

Mkopo ukazaa mkopo. Nyasi za paa zikabadilika kuwa bati. Kuddus akaacha kubeba magunia ya watu, akaanza kuzunguka vijiji kumnunulia mkewe mayai. Binti yao Parul akaingia sekondari, wa kwanza katika koo zote mbili. Mwaka jana Jomila alikuwa amefikia mkopo wa Taka 50,000.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga ya Jomila yalikuja mwaka huohuo, mwezi wa Bhadro, msimu wa mafuriko.

Maji yalikuwa yamezunguka nyumba na nusu ya kijiji ilikuwa na homa. Jomila naye ikampata, akiwa na mayai elfu tatu kwenye mapipa, siku ya tisa. Hakutaka kumwachia mtu. Sokhina alikuwa amekwenda kwa mwanawe mjini, na Kuddus, kwa maneno ya mkewe, ana macho ya kutafutia samaki tu. Basi mara kadhaa kwa siku alikokota miguu kutoka kitandani, akaweka yai jichoni.

"Kila nililoliweka, baridi," anasimulia. "Nikamwambia Baba Parul, pasha pumba zaidi. Akapasha. Nikaweka tena: baridi. Nikamfokea. Nikamwambia, wewe unapasha pumba kwa jiko au kwa kuzipulizia?"

"Nilipasha hadi zikaanza kunukia," Kuddus anasema. "Mwenye jicho akikwambia yamepoa, wewe usiye na jicho utabisha kwa lipi?"

Walifanya hivyo siku tatu. Asubuhi ya nne homa ikamshuka. Akaweka yai jichoni, akalitupa. Lilikuwa linaunguza.

Jicho halikuwa limeharibika. Lilikuwa na homa, na kope yenye moto huliona yai lenye moto kuwa limepoa. Walipasua yai moja, wakapasua la pili, wakafika kumi. Yalikuwa yameiva nusu. Taka 42,000 zilikuwa zimepikwa ndani ya mapipa.

"Nilikaa nikayatazama," Jomila anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Nilitafuta wa kumlaumu. Si mwizi, si paka, si mafuriko. Nikasema, kumbe ni jicho langu. Tangu siku ile nililiogopa, kama mtu anavyomwogopa mbwa wake aliyemng'ata."

Alikuwa amebakiza wiki kumi na tisa za kurejesha, kila wiki Taka 1,250. Jumanne iliyofuata alikaa nyuma kabisa mkekani, akasema hana. Sokhina, aliyekuwa amerudi jana yake, alifungua mdomo na kijiji chote kikasikia.

"Nilimtukana, ndiyo," Sokhina anakiri bila haya. "Nilimwambia, umepika mayai elfu tatu na hukutualika hata kula?"

Baada ya matusi, wakalipa. Wanawake wa huku, kila wanapopika, huchota gao moja la mchele kabla haujaingia chunguni na kulitia kwenye mtungi wa akiba. Mitungi minne ilimwagwa na mchele ukauzwa. Hiyo ikawa wiki ya kwanza na ya pili. Wiki ya tatu ililipwa na njiwa wa Sokhina. Wanne hao walimbeba Jomila wiki saba, jumla Taka 8,750, hadi alipoweza kusimama kwa ushonaji wa matandiko na kwa Kuddus kurudi kwenye magunia.

Huruma? Sokhina anatema tambuu pembeni anaposikia neno hilo.

"Mimi nilikuwa nataka mkopo wa ndama. Yeye akikwama, na mimi nimekwama. Kidole kimoja hakivunji chawa, bwana mwandishi, na chawa huyu alikuwa wetu sote."

Si kila kikundi hubebana hivyo. Katika kitongoji cha jirani, mwanamke mmoja alikopa kwa shirika la pili ili alipe la kwanza, na la tatu ili alipe la pili. Mwaka jana aliuza paa lake, bati moja baada ya jingine, na familia ikaondoka kwenda Dhaka. Nguzo za nyumba yake bado zimesimama. Jomila hupita hapo kila anapokwenda sokoni.

"Mkopo ni moto wa pumba tu," anasema. "Ukiutazama, unaangua. Ukiupa mgongo, unapika."

Januari mwaka huu alimaliza deni, akaomba mkopo mpya wa Taka 40,000. Wanawake watatu walitia saini. Sokhina alikunja mikono.

"Sidhamini jicho moja," alisema mbele ya ofisa.

Ofisa wa mikopo, Tapan Sarkar, kijana mpole mwenye pikipiki kubwa kuliko yeye, aliona suluhisho ni rahisi. Jumanne iliyofuata alileta kipimajoto cha kioo. Wanawake walikipitisha mkono kwa mkono, wakakisifu, na Jomila akakitundika kwenye msumari karibu na kalenda, ambako kimekaa hadi leo.

"Kinasema habari za pale kilipo tu," anakitetea kwa upole, kama mtu anayemsemea mgeni asiyejua kazi. "Mayai yana katikati na yana pembeni. Kope inazunguka."

Sharti la Sokhina lilikuwa jingine: asubuhi na jioni atakuja mwenyewe kuweka jicho lake, na tandiko halitafunikwa wala kufunuliwa bila neno lake. Jomila alikubali haraka. Kwa siku ishirini na sita macho mawili yakipishana, limeshinda la Sokhina, na kweli mayai yameendelea vizuri. Jomila alipoyamulika kwa taa siku ya saba, ni mia moja na sitini tu aliyoyatoa kuwa hayana kitu, na Kuddus akajaza pengo lake kwa mayai ya mwanguaji mwingine aliyeanza kazi siku ileile.

Saa moja imepita kidogo, Sokhina anaingia. Shali imemfika masikioni. Hasalimii mtu. Anakaa kwenye ukingo wa benchi kwa uzito na kunyoosha mkono.

"Leta."

Jomila anampa yai. Sokhina analiweka jichoni.

"Limepoa. Jingine." Analiweka jingine. "Hili nalo limepoa! Mnataka kuua viumbe kwa baridi? Kuddus, funika. Matandiko mawili."

Kuddus anamtazama mkewe.

"Dada," Jomila anasema taratibu, "mimi nimeyaona sawasawa."

"Na Bhadro uliyaonaje?"

Kuddus anatandaza tandiko la kwanza. Anachukua la pili, analikung'uta, analitandaza juu ya la kwanza. Jomila amesimama na mikono imening'inia, na ni wazi usoni kwake kwamba amekubali, kama alivyokubali siku zote ishirini na sita.

Anainama kupokea mayai kutoka mkononi mwa Sokhina ayarudishe mahali pake. Vidole vinagusana. Jomila haondoi vyake.

"Dada, tambuu yako iko wapi leo?"

"Sina hamu nayo. Inahusiana nini na mayai?"

"Na shali ya nini, jua limeshatoka?"

"Uzee. Rudisha mayai, yanazidi kupoa hayo!"

Jomila anayaweka mayai kando. Kisha anafanya jambo ambalo Kuddus anasema hajaliona tangu azaliwe katika nchi hii ya bata. Anamshika Sokhina mabega, anainama, anafumba jicho lake la kushoto, na kulilaza juu ya paji la uso wa mwenyekiti wake. Anasubiri, muda uleule anaolisubiri yai.

"Unaunguza," anasema. Anageuka. "Baba Parul, funua. Yote mawili. Sasa hivi!"

"Nani mdhamini humu ndani?" Sokhina anafoka, akijaribu kusimama.

"Ni wewe, dada. Na una homa."

"Homa ya nani? Mimi?"

Kuddus ameshayavuta matandiko yote mawili. Joto linapanda kutoka kwenye mayai, hata asiye na jicho analihisi. Halafu, bila kuambiwa na mtu, anakwenda kwenye msumari, anatoa kipimajoto, anakipangusa kwa ncha ya lungi, kikoi alichojifunga kiunoni, na kumkabidhi mkewe. Kinawekwa kwapani mwa Sokhina. Wote watatu wanasubiri. Kinasoma thelathini na tisa na nusu.

"Haya," Kuddus anasema. "Na chenyewe leo kimepata kazi."

Sokhina hacheki. Anakitazama kile kioo, anayatazama mayai, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake haisikiki hadi nje.

"Nimekuja kuyapika."

"Hukuyapika, dada."

"Ningeyapika. Kama wewe, kama wewe vilevile. Na jinsi nilivyokusema!"

"Lala hapo," Jomila anamwambia, na macho yake yamejaa maji. "Lala. Nitayatazama mimi."

Anamlaza kwenye benchi na kumfunika matandiko yaleyale mawili yaliyotoka kwenye mayai, bado yana joto. Kisha anarudi kitandani, anachukua yai, anafumba jicho. Safari hii hamwangalii mtu yeyote kabla ya kusema.

"Sawasawa. Baba Parul, acha hivyohivyo."

Leo ni Jumanne, na saa nne pikipiki ya Tapan inanguruma uani. Wanawake wameshakaa mkekani, noti zimekunjwa viganjani. Anahesabu vichwa.

"Mwenyekiti yuko wapi?"

"Anaatamiwa," Kuddus anajibu kutoka mlangoni, na kicheko kinachofuata kinawarusha kunguru kutoka juu ya bati.

Tapan anapoelezwa, anacheka naye, kisha anauliza tena na tena, kwa udadisi wa mtu aliyekwenda chuo na hakuambiwa hili: yaani mwenye homa hawezi kupima? Hata akiwa bingwa? Hata akiwa bingwa, wanamjibu. Jomila analipa rejesho lake, Taka 1,000, na ndipo mwanamke aliyekaa karibu na ukuta anapoinua kidole.

"Nyamazeni."

Kutoka ndani inasikika sauti ndogo, ya kugonga, mahali pamoja, kisha mahali pawili, kisha kila mahali. Jomila ameshaingia. Wenzake wanamfuata, na Tapan anaacha daftari lake mkekani. Katikati ya kitanda ganda moja limetoboka, na ncha nyeusi ya mdomo inaingia na kutoka.

"Wameanza?" sauti ya Sokhina inauliza kutoka chini ya matandiko.

"Wameanza, dada."

"Ni wangapi?"

"Mmoja. Ana haraka kama wewe."

Hadi kesho yake alasiri walikuwa wametoka vifaranga elfu moja mia saba na thelathini, na wachuuzi wenye vikapu walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye maji. Bei ilikuwa taka thelathini na tano kwa kifaranga. Kabla hajanunua hata kitambaa cha sare ya Parul, Jomila alipima mchele na kuijaza mitungi minne ya wenzake hadi juu, njiwa wa Sokhina wakarudi wakiwa jozi tatu, na kilichobaki kwenye zile Taka 8,750 akakilipa taslimu.

Sasa anafikiria chumba cha pili, chenye mapipa manne. Lakini hataki kiwe chake. Siku ya tatu, homa ilipomwachia na tambuu kurudi mdomoni, Sokhina alimwita barazani na kumwambia jambo ambalo, kwa miaka tisa ya kuwatilia wenzake saini, hakuwahi kulitamka. Habari ya ndama ameifuta. Anataka mkopo wa mapipa yake mwenyewe.

"Kaka zangu walirithi mapipa na wote wawili wameyauza kuwa kuni," anasema. "Nina miaka hamsini na sita. Nasubiri nini?"

Moshi wa pumba unamsumbua Sokhina kifua, kwa hiyo kupasha atapasha Kuddus, kwa malipo. Kilichobaki ni mdhamini wa kutia saini ya kwanza Jumanne ijayo. Jomila anasema yuko tayari, ila ana sharti.

"Sidhamini jicho moja," anasema, akijitahidi kukunja mikono na kukaza uso kama mwalimu wake. "Kila asubuhi, kabla hajagusa yai, nitaweka jicho langu kwenye paji la uso wake. Na yeye kwenye langu."

Sokhina amelitafuna sharti hilo pamoja na tambuu yake kwa muda, kisha amelikubali, mradi Jomila awe amenawa uso.